Flashi ya ndani haiinuki nikichomeka maiki

Swali: Assalaam alaykum fundi. Napiga picha za harusi hapa Wete kwa Canon 700D. Nikichomeka maiki juu ya kamera, flashi ya ndani haiinuki, na mara nyengine hata nikishaitoa maiki bado inagoma. Imekufa? Na je, naweza kuitumia pamoja na flashi yangu ya pembeni, Yongnuo YN560?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Haijafa.

Itazame ile reli ya chuma unapochomeka maiki. Kwenye ukingo wake imefichwa swichi ndogo kuliko punje ya mchele. Kitu chochote kikiingia relini kinaibonyeza. Kamera haijui kama ni maiki, taa ya ledi au flashi kubwa. Inajua tu kuna kitu, basi inaizuia flashi ya ndani isiinuke ikakigonga. Kwenye menyu hutapata pa kuizima swichi hiyo. Tafuta mkono wa chuma unaofungwa kwenye tundu la stendi chini ya kamera, maiki ikae ubavuni.

Hilo la kugoma baada ya kuitoa ndilo linaloniuma, maana nimeona vijana wakiambiwa wanunue kamera mpya kwa sababu ya swichi tu. Upepo wetu wa bahari una chumvi. Ikikutana na vumbi na jasho la mkono, swichi hukwama ikiwa imebonyea. Zima kamera, toa betri. Chukua kijiti cha meno, si sindano wala bisibisi, uibonyeze na kuiachia taratibu mara kumi, ishirini, mpaka uihisi inarudi yenyewe. Pangusa kwa brashi kavu, na mafuta usitie hata tone. Isiporudi, mpelekee fundi. Usiifungue mwenyewe hata kidogo: kapasita ya flashi, yaani kijisehemu kinachohifadhi umeme wake, hubaki na umeme wa kama volti 300 hata betri ikiwa mezani.

Sasa flashi mbili. Zote juu ya kamera haiwezekani, lakini YN560 ikikaa pembeni hufanya kazi vizuri sana. Ina jicho linaloona mwanga wa flashi nyengine nayo ikawaka. Weka flashi ya ndani kwenye manyuali, yaani nguvu uipange mwenyewe, ipunguze hadi chini, kisha YN560 iwe S1, hali ya kuwaka kwa mmweko wa kwanza inaouona. Ukiiacha ya ndani ijipimie yenyewe, hutoa mmweko mdogo wa kupima kabla ya picha. S1 itadanganyika na kuwaka mapema, kwa hiyo hapo tumia S2, inayoupuuza mmweko huo wa kupima. Spidi ya shata isizidi 1/200 ya sekunde, la sivyo picha itatoka na ukanda mweusi.

Bibi harusi akikaa kwenye busati kuonyesha hina, usimwelekezee YN560 usoni. Igeuze kwenye ukuta mweupe wa chokaa, mwanga urudi umelainika na michoro ya vidole isomeke yote. Dari la boriti liache, linaumeza mwanga.

Nje juani jicho la YN560 mara nyingi halioni kitu. Huko utahitaji triga ya redio, kifaa kinachoiwasha flashi kwa mawimbi ya redio, nayo hukaa kwenye reli ile ile, kwa hiyo flashi ya ndani italala tena. Iache ilale, YN560 pekee itakutosha.