Kuidai kaunti haki za wenye ulemavu: vipimo, tarehe na muhuri

Mikutano ya maoni ya bajeti Mombasa huishia vile vile: mtu asimama, asema walemavu wazingatiwe, apigiwa makofi, karani aandika, basi. Ombi lisilo na mahali wala vipimo halina wa kuulizwa.

Tuseme zahanati huko Likoni ina ngazi tatu mlangoni, jumla sentimita 45. Rampu (njia ya mteremko badala ya ngazi) ya kupandika ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita ya kimo yataka urefu wa sentimita 12, kwa hivyo hiyo yataka urefu wa mita 5.4, na vyuma vya kushikia pande zote mbili. Wakandarasi hupenda kuimaliza kwa mita mbili. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuipanda bila kusukumwa, na akishuka huenda akapinduka. Basi andika hizo namba kwenye ombi, utie na picha ambayo utepe wa kupimia waonekana.

Lipeleke Julai au mapema Agosti, kwa mwakilishi wadi na idara ya fedha. Mpango wa maendeleo wa mwaka ufuatao hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti yenyewe huja kufikia Aprili 30, na mradi usiokuwamo kwenye mpango ni shida kuuchomeka wakati huo.

Rampu imejengwa vibaya, au imelipiwa na haipo? Tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mwandikie katibu wa kaunti, nakala kwa idara husika. Kiswahili chatosha. Asiyeweza kuandika kwa sababu ya ulemavu aeleze kwa mdomo, na afisa ni wajibu wake kumwandikia (wengine hujifanya hawalijui hilo). Sababu huulizwi, na hulipi ila gharama ya nakala.

Usiulize "kwa nini". Utajibiwa kwa hotuba. Itisha karatasi: mkataba, orodha ya vipimo na bei za kazi, cheti cha kukamilika, hati za malipo. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wenye tarehe, maana siku 21 za kujibu huhesabiwa kuanzia hapo, na bila muhuri wataapa hawajaiona. Wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, karatasi zikiwa nyingi.

Muda ukipita kimya, kisheria umekataliwa. Una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa afisi ya Ombudsman (tume ipokeayo malalamiko dhidi ya afisi za serikali), pamoja na ile nakala yenye muhuri.