Kwenda Tapati Rapa Nui: siku tatu zinatosha?

Dada, umeuliza kama siku tatu zinatosha kwa Tapati, sherehe ya utamaduni kule Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka, Chile), na tiketi zinakatwa wapi. Siku tatu ni chache mno. Sherehe huchukua takriban wiki mbili mwanzoni mwa Februari, na ratiba yake huteleza. Kaa walau wiki. Mashindano mengi ni bure, unajitokeza tu.

Usikose Haka Pei. Vijana waliojipaka rangi ya udongo, mavazi yao machache kweli, hulala chali juu ya vigogo vya mgomba vilivyofungwa pamoja, kisha huporomoka mlima Maunga Pu'i kwa kasi ya kutisha. Wengine hupinduka katikati ya njia. Fika mapema, ukae pembeni, maana vigogo havina breki! Ndani ya kreta ya Rano Raraku kuna mbio za kubeba mikungu ya ndizi mabegani. Pointi zote humwendea mgombea wa taji la malkia wa sherehe ambaye washindani wanamuunga mkono, kwa hiyo chagua upande ushangilie. Gwaride la Hanga Roa, mji wa kisiwa hicho, hata wageni huingia, wamepakwa rangi.

Vyumba hujaa mapema, anza na hilo. Ndege hutoka Santiago, mji mkuu wa Chile, na safari huchukua kama saa tano hivi. Kwenye uwanja wa ndege wanataka tiketi ya kurudi, fomu ya kuingia kisiwani na malazi yaliyosajiliwa. Mtalii haruhusiwi kuzidisha siku 30. Na moai, zile sanamu kubwa za mawe, usiziguse, hata kwa picha.