Barua kwa binti yangu aliyeko Addis Ababa

Binti yangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwezi wa kwanza wa kujifunza lugha ili uhubiri huko umekwisha, daftari limejaa maneno ya Kiamhari uliyoyaandika kwa herufi zetu, darasani unasifiwa, lakini ukifika sokoni watu wanakutazama tu, na wanaume wanakucheka ukiwasalimu. Unauliza uendelee hivyo mpaka uzoee kuongea, ndipo ujifunze herufi zao za fidel, au uzianze sasa. Anza leo, mwanangu. Hilo daftari ndilo linalokuponza.

Herufi zetu hazitoshi kubeba sauti za Kiamhari, na kila unapozisoma ulimi unarudi nyumbani. Fidel ina herufi za msingi 33, na kila moja ina maumbo saba kufuata irabu, yaani 231. Hesabu hiyo isikutishe, kwa sababu maumbo yana utaratibu. Tazama mstari huu wa b: በ ቡ ቢ ባ ቤ ብ ቦ. Umbo la pili lina kijistari ubavuni kulia, la tatu kijistari hicho kimeshuka chini, la tano kimekuwa kitanzi. Mistari mingi hufuata mtindo huo. Chukua minne kwa siku, herufi 28, uziandike kwa mkono huku ukizitamka kwa sauti. Siku ya tisa umemaliza. Utakuta sauti kama h na s zina mistari zaidi ya mmoja. Ni urithi wa Kigeez, lugha ya ibada ya Waorthodoksi. Siku hizi zinatamkwa sawa, kwa hiyo zitambue tu unaposoma.

Umbo la sita ndipo sisi Waswahili tunapoanguka. Mara nyingi halina irabu kabisa, na ulimi wetu haupendi neno liishie kwenye konsonanti, basi tunapachika irabu bila kujua. Nyumba ni bet, inaishia kwenye t. Ukisema bete, umesema nyumba yangu. Ukisema betu, umesema nyumba yake. Muuzaji hashindwi na lafudhi yako. Anasikia neno jingine.

Kuna kundi la sauti tano ambazo hatuna: ቀ, ጠ, ጨ, ጰ na ጸ, yaani k, t, ch, p na ts za kubana. Hutamkwa koo likiwa limefungwa. Jaribu hivi: vuta pumzi, ibane kama mtu anayetaka kunyanyua gunia, kisha bila kuiachia tamka t. Ikitoka na mlio mkavu wa kupasuka, umeipata. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha, mradi kila siku. Usilione dogo: meta yenye t ya kawaida ni "alipiga", na yenye t ya kubana ni "alikuja". Fikiria unawatangazia waumini kwamba mchungaji alikuja.

Fidel nayo ina upungufu wake, nao ni kwamba haionyeshi konsonanti inayokazwa. Neno ገና likitamkwa gena ni "bado". N ikikazwa, genna, ni Krismasi. Ale ni "alisema", alle ni "yupo". Kwa macho huwezi kutofautisha. Kila neno jipya mwombe mwalimu alitamke mara tatu polepole, na penye kukazwa weka nukta mbili za penseli juu ya herufi. Kama anakuruhusu, mrekodi.

Halafu hili la wanaume kukucheka. Nadhani unawarudishia salamu kama ulivyoisikia. Wewe ni mwanamke, unaambiwa dehna nesh? Mwanaume anaambiwa dehna neh? Kwa hiyo usiige unachoambiwa. Sikiliza wanavyosalimiana wao kwa wao. Kwa mtu mzima tumia umbo la heshima, indemin not? Kumwambia mzee neh ni kama kumpita babu yako bila shikamoo.

Usione ni mzigo mtupu. Saa wanahesabu kama sisi: saa tatu asubuhi kwao ni sost saat, yaani tatu vilevile, jambo linalowatesa Wazungu miezi mingi. Kitenzi chao hubeba mtenda na mtendwa kama chetu. "Nilimwona" ni neno moja, ayyehut. Ukanushaji tu ndio unashika kitenzi mbele na nyuma: efelligalehu ni nataka, alfelligim ni sitaki. Na kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, kwa hiyo subiri mtu amalize kabla hujajibu.

Sasa ratiba. Baada ya darasa, chukua sentensi tano tu, uzipeleke kwa watu kumi: duka lilelile, njia ileile, ili wakuzoee. Ukikwama sema algebagnim. Maana yake ni haijaniingia, kama tunavyosema sisi. Wakikukaribisha buna, kaa. Kahawa huandaliwa mara tatu: abol, tona, kisha bereka, ambayo ndiyo baraka yenyewe. Usiondoke kabla ya bereka. Mazungumzo matamu huja hapo, na sikio lako linapata saa nzima ya lugha halisi bila ada.

Kuhubiri acha kwanza, hata wakikuomba. Anza na sala fupi ya shukrani, sentensi nne, iliyosahihishwa na mwalimu na kukaririwa. Najua moyo unakuwaka, lakini neno la Mungu linastahili kinywa kilichojiandaa. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, baada ya kufanya kazi hukohuko Ethiopia. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Wewe una mwezi mmoja.

Daftari la zamani usilichane. Kila jioni hamisha maneno kumi kwenda kwenye fidel, mbele ya mtu anayeijua, na utakachokuta kimekosewa kifute palepale. Jumapili nitumie sauti yako ukisoma mstari wa በ na wa ጠ, nisikie kama ile t imekauka.

Mama yako