Utabiri wa Mji Mmoja Katika Chaneli ya Nchi Nzima

SWALI: Ndugu Mhariri, mjomba wangu aliyesoma Marekani alirudi na mkanda wa video aliorekodi mwaka 1991. Katikati ya vipindi vya The Weather Channel, chaneli ya hali ya hewa ya huko, zinatokea kurasa za maandishi na muziki, zikieleza hali ya hewa ya mji mdogo alikokuwa akiishi. Chaneli ile ilionekana nchi nzima. Iliwezaje kuutaja mji huo peke yake? Na je, mtu akikinunua leo chombo kilichotoa kurasa hizo, kitafanya kazi?
Msomaji, Soweto, Moshi.

JIBU: Kurasa hizo, ndugu msomaji, hazikutoka studio. Zilichorwa na WeatherStar, kisanduku kilichofungwa kwenye chumba cha mitambo cha kampuni ya kebo ya eneo husika, na kilianza kutumika pamoja na chaneli yenyewe, iliyofunguliwa Mei 2, 1982 na John Coleman na Frank Batten. Kabla ya hapo baadhi ya kampuni za kebo zilikuwa na kamera iliyogeuka taratibu mbele ya kipimajoto, barometa na saa, kutwa kucha, na mtazamaji akajisomea mshale mwenyewe. Utabiri hapo haukuwapo.

Utakumbuka televisheni zetu za zamani, picha ilipopanda na kushuka, ukaonekana mkanda mweusi ukipita kiooni. Mkanda huo ni mistari isiyobeba picha, inayopita wakati mwale unaochora picha kiooni unarudi juu kuanza picha mpya. Humo ndimo zilimofichwa takwimu za miji yote, zikasafiri kwa setilaiti pamoja na matangazo. Kila kisanduku kilikuwa na anwani yake, kikachukua takwimu zilizoandikiwa anwani hiyo na kuziacha nyingine zipite, mfano wa karani wa posta anayejaza sanduku moja tu.

Maneno ya utabiri yalitoka idara ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani, na vipimo vya saa hiyo mara nyingi vilitoka uwanja wa ndege wa karibu. Hapo ndipo penye udhaifu, nami nadhani watu wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, watauelewa upesi kuliko wengine: hali ya uwanda wa KIA, uwanja wetu wa ndege, haimwambii mtu kama mvua inanyesha kwake mlimani.

Visanduku vya kwanza vilitoa maandishi matupu. Mkanda wa mjomba wako, ukiwa na michoro na picha za rada, basi ulirekodiwa kutoka WeatherStar 4000, toleo la mwaka 1990. Mwaka 1998 likafuata toleo la XL, ambalo ndani yake lilikuwa kompyuta kamili, kisha IntelliStar mwaka 2003.

Kuhusu kununua: 4000 nzima itawaka, lakini takwimu ilizozoea kupokea hazirushwi tena, hivyo haitakuwa na cha kuonyesha. Wapenzi wa chombo hicho wameandika programu za kompyuta zinazoiga kurasa zake, hata herufi zake, kwa kutumia takwimu za leo kutoka intaneti.