Kujitolea Khumbu: haja ipo, ila haiko njiani

Dada uliyeuliza kama muuguzi bado ana kazi ya kufanya Khumbu, Nepal, ilhali njia iendayo Everest imejaa nyumba za wageni na mikahawa, jibu langu ni kwamba kazi ipo, lakini haipo pale utakapofikia kwanza. Nilijitolea huko na kundi dogo la huduma za afya, na ningependa ujue mambo kadhaa kabla hujafunga mizigo.

Wengi hudhani kwamba watalii walitangulia na wahisani wakafuata kurekebisha mambo. Khumbu haikuwa hivyo. Edmund Hillary, mpanda milima wa New Zealand aliyefika kileleni mwa Everest na Tenzing Norgay mwaka 1953, alisaidia kujenga shule ya Khumjung mwaka 1961 baada ya Masherpa, wenyeji wa Khumbu, wenyewe kumwomba. Mwaka 1964 ukatengenezwa uwanja wa ndege wa Lukla ili vifaa vya ujenzi vifike kwa urahisi, na mwaka 1966 ikafunguliwa hospitali ya Khunde, ambako miongoni mwa kazi za mwanzo ilikuwa kupambana na rovu lililotokana na ukosefu wa madini joto. Uwanja huohuo ndio uliowafungulia watalii mlango, misitu ikaanza kukatwa kwa ajili ya kuni za wageni, na mwaka 1976 ikabidi eneo litangazwe kuwa Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, jina la Kinepali la Everest. Kwa hiyo sisi tunaojitolea si watazamaji wa mabadiliko hayo. Tumo ndani yake tangu mwanzo.

Fedha za utalii hufuata njia ya miguu. Namche, mji mdogo ulio kwenye njia hiyo katika mwinuko wa mita 3,440, utakuta familia zenye nyumba za wageni ambazo watoto wao wanasoma Kathmandu, na hao hawakuhitaji wewe wala mimi. Ukiiacha njia kuu kwa mwendo wa nusu siku tu, hali ni nyingine: wazee wanaoishi peke yao, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, wajawazito wanaoogopa mteremko wa kwenda zahanati. Kiongozi wa kundi letu alitaka tuweke kambi ya matibabu karibu na njia kwa kuwa ni rahisi kufika, na waliojipanga foleni wakawa wale waliokwisha kuwa na daktari.

Kundi jingine linalosahaulika ni wapagazi. Wageni huwaita wote Masherpa na kuamini kuwa wamezaliwa na mapafu ya mlimani, kumbe wengi ni Warai, Watamang na wengineo kutoka mabonde ya chini, ambao huugua ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na hewa nyepesi ya juu, kama mtalii yeyote, tena wakiwa na nguo hafifu na hofu ya kupoteza ujira wakisema kichwa kinauma. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua kazi moja tu, ningekaa na hao.

Angalia pia majira. Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba, vijana wako kazini na wageni, kwa hiyo semina yoyote utakayoitisha itahudhuriwa na wazee na watoto. Katikati ya baridi kali, familia nyingi hushuka Kathmandu. Waulize wenyeji tarehe kabla hujanunua tiketi, na usibebe peremende za kugawa njiani, kwa maana meno ya watoto wa huko tayari yanalipia ukarimu huo.

Hospitali ya Khunde iliendeshwa kwa miaka mingi na madaktari wa kujitolea kutoka New Zealand na Canada, kisha ikakabidhiwa kwa daktari Msherpa aliyekulia hukohuko. Omba kuwa chini ya watu wa namna hiyo, usiende na mpango wako mfukoni. Na usiingie kwa viza ya utalii ukidhani kutolipwa kunakuondolea sharti, kwani viza hiyo hairuhusu kazi, iwe ya ujira au ya bure. Shughulikia kwanza viza inayofaa na usajili wako wa uuguzi kule Nepal.