Laptopu iliyokataliwa na Windows 11 ndiyo seva nzuri ya video nyumbani

Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haipokei prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, ukiacha modeli chache mno. Ndiyo maana laptopu nyingi zenye i5-7200U au i5-7300U, nzima kabisa, sasa zinalala kabatini. Kwa kazi ya kutunza video na kuzirusha ndani ya nyumba, kizazi hicho cha 7 ndicho ningekitafuta kwanza. Sehemu yake ya michoro inasoma H.264 na HEVC (mitindo miwili ya kubana video), hata HEVC ya biti 10, bila kuichosha prosesa. Kizazi cha 6 kinaishia HEVC ya biti 8. Vya nyuma ya hapo usivitegemee kwa HEVC: prosesa itahangaika, feni itanguruma, na picha itakatakata.

Kizazi husomwa kwenye tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-7200U ni cha 7, i5-8250U ni cha 8. RAM ya GB 4 inatosha, 8 ni raha. Ndani weka SSD hata ya GB 128, maana video zitakaa kwenye diski ya nje.

Kwa nini si kisanduku cha Android cha kuchomeka kwenye TV? Vile vya bei chee visivyo na kibali cha Google wala jina la kampuni linaloeleweka ni vya kuogopa. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa, vingine vikiwa vimewekewa programu hasidi hata kabla mnunuzi hajafungua boksi. Raspberry Pi 5 haina ubaya huo, ila haina sakiti ya kusoma H.264 (modeli ya 4 ilikuwa nayo), na ukishanunua chaja yake, kasha, feni na kadi ya kumbukumbu, ile bei ndogo uliyoiona mwanzoni imekwisha. Zaidi ya hayo, laptopu ina betri. Umeme ukikatika, seva haijui.

Kwa upande wa luku hesabu ni hii. Laptopu ya aina hiyo ikitulia hula wati 10 hadi 15. Wati 15 usiku na mchana ni yuniti 0.36 kwa siku, kama 11 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani ya wati 60 itakula yuniti 43. Kwa aliye Tanzania katika kundi la matumizi madogo, ambako kikomo ni yuniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo inaweza kumtoa kwenye bei nafuu.

Ila ikague betri kabla ya kuiacha kwenye chaja miezi mfululizo. Padi ya kugusia ikiwa imeinuka, au kifuniko cha chini kimebenuka, betri imevimba: itoe, usiitoboe, usiitupe motoni. Kwenye ThinkPad unaweza kuizuia isijae kila saa. Sakinisha TLP, programu ya Linux ya kusimamia umeme, kisha andika ndani ya /etc/tlp.conf:

START_CHARGE_THRESH_BAT0=75
STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80

Mfumo: weka Debian, aina ya Linux, bila mazingira ya madirisha. Kwenye orodha ya mwisho ya kisakinishi acha alama mbili tu, ya SSH (ya kuingia ukiwa kwenye kompyuta nyingine) na ya zana za kawaida za mfumo. Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi: kisakinishi kinaomba nywila ya root, yaani msimamizi mkuu. Iache wazi. Ukiiweka, mtumiaji wako hapewi sudo (ruhusa ya kuendesha amri za msimamizi), na amri zote zinazofuata zitakugomea.

Halafu laptopu ikifunikwa italala, na seva iliyolala ni kopo tu. Tengeneza folda /etc/systemd/logind.conf.d, ndani yake faili kifuniko.conf lenye mistari hii, kisha washa upya:

[Login]
HandleLidSwitch=ignore

Sasa programu yenyewe. Jellyfin, programu ya bure ya kupanga na kurusha video, ilizaliwa Desemba 2018, pale Emby, programu ya kazi hiyohiyo, ilipofunga msimbo wake na kundi la watu wa kujitolea wakachukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaendelea nalo. Plex, mshindani wake, ina sura nzuri zaidi kwenye TV, nakiri. Lakini Aprili 2025 iliweka malipo kwa mtu anayetaka kutazama video zake mwenyewe akiwa nje ya nyumbani, na siku zote sakiti ya michoro ya kompyuta uliyoinunua kwa hela yako haitumiki kugeuza video mpaka ulipie. Jellyfin haina sehemu ya kulipia hata moja. Ubaya wake ni kwamba baadhi ya programu zake za TV ni nzito na hazina mng'aro, na ukisahau nywila ya msimamizi hakuna wa kumpigia simu.

sudo apt install curl
curl -s https://repo.jellyfin.org/install-debuntu.sh | sudo bash
sudo usermod -aG render jellyfin

Mstari wa tatu ndio unaoiruhusu kuigusa sakiti ya michoro. Baada yake washa upya huduma, fungua kivinjari kwenye simu au kompyuta nyingine, andika anwani ya seva ikifuatiwa na :8096, kisha kwenye sehemu ya uchezaji chagua Intel QSV, yaani sakiti hiyo ya michoro.

Diski ndiyo inayovunja mioyo ya watu, kwa hiyo hapa tukae kidogo. Chukua ya inchi 2.5 inayokula umeme wa USB, usichukue ya inchi 3.5 yenye chaja yake. Hiyo ya chaja huzimika umeme ukikatika hata kama laptopu inaendelea, tena katikati ya kuandika, na umeme unaporudi kwa kishindo yenyewe ndiyo inayopokea pigo. Ya inchi 2.5 inanyonya kwenye betri ya laptopu na haina habari. Ichomeke kwenye tundu la USB 3, linalotoa miliampia 900. USB 2 hutoa 500, na diski nyingi wakati wa kuanza kuzunguka zinataka zaidi ya hapo. Ukisikia tik, tik, kisha kimya, badilisha waya uwe mfupi kabla hujaihukumu diski.

Umbizo (namna diski inavyopangwa) liwe ext4, la Linux. FAT32 haipokei faili la kuzidi GB 4, na exFAT haina kumbukumbu ya miamala, kwa hiyo hitilafu moja ya umeme inaweza kuvuruga folda nzima. Gharama ya ext4 ni kwamba huwezi kuichomoa ukaichomeka moja kwa moja kwenye TV au Windows. Tazama jina la diski kwa lsblk -f, hakikisha mara mbili, kwani amri ifuatayo inafuta kila kitu:

sudo mkfs.ext4 -m 0 -L video /dev/sdb1

Hiyo -m 0 usiiache. Bila yake mfumo hujitengea asilimia 5, ambayo kwa diski ya TB 2 ni GB 100 usizoziona. Kisha tengeneza folda /srv/video, chukua UUID (namba ya utambulisho wa diski) kwa sudo blkid, na ongeza mstari huu kwenye /etc/fstab:

UUID=namba-yako /srv/video ext4 noatime,nofail 0 2

Bila nofail, siku diski imechomoka seva haiwaki kabisa, na bila skrini mbele yako hutajua kwa nini. Jambo jingine: Jellyfin inaendeshwa na mtumiaji wake mwenyewe aitwaye jellyfin. Asipokuwa na ruhusa ya kusoma, maktaba inabaki tupu na wala hakuna ujumbe wa kosa wa maana. Hii ndiyo shida ya diski zinazofunguliwa na mfumo wenyewe chini ya /media. Ukishanakili video zako, toa ruhusa:

sudo chmod -R a+rX /srv/video

Diski ya mtumba ipimwe kabla ya kulipia. Andika sudo smartctl -a na jina la diski, kisha tazama mistari ya 5, 197 na 199. Ya 5 na 197 ikiwa na namba yoyote juu ya sifuri kwenye safu ya mwisho, iache kwa mwenyewe. Ya 199 mara nyingi ni waya tu. Flashi za "TB 2" zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana ni za uongo: zinaonyesha ukubwa ambao hazina, na faili la mwanzo hufutwa na linalofuata. Zipime kwa programu za f3write na f3read. Kama muuzaji hakupi muda huo, jibu umeshalipata.

Sasa malalamiko ya kila siku: "inakwama." Mara nyingi tatizo si intaneti, kwa sababu video haitoki nje ya nyumba. Tatizo ni kwamba TV haiwezi kulisoma faili kama lilivyo, hivyo seva inaligeuza papo kwa papo. Fungua dashibodi wakati video inacheza. Itakuambia kama inapita moja kwa moja au inageuzwa, na sababu yake. Sababu huwa ni tatu au nne zilezile.

Ya kwanza ni sauti ya DTS, mtindo mmoja wa sauti za sinema. Samsung waliiondoa kwenye TV zao kuanzia modeli za 2018. Picha iko sawa, ni sauti tu, kwa hiyo usiigeuze picha; tumia ffmpeg, programu ya kugeuza video na sauti:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k mpya.mkv

Kazi ya dakika chache, na ubora wa picha haujaguswa. Ya pili ni manukuu. Yale ya aina ya SRT ni maandishi matupu, TV huyachora yenyewe. Ya PGS na VobSub ni picha, hivyo mara nyingi seva hulazimika kuyapaka juu ya kila fremu, na hapo ndipo laptopu inapopumua kwa shida. Tafuta SRT, liite jina lilelile la filamu na mwishoni .sw.srt kama ni ya Kiswahili, litatambuliwa. Ya tatu ni H.264 ya biti 10, inayopatikana sana kwenye katuni za Kijapani. Hiyo haisomwi na sakiti za Intel za vizazi hivyo wala TV nyingi, igeuze mara moja usiku uiweke kando.

Kama si hayo, angalia njia ya mtandao. Filamu ya HD ya megabiti 8 kwa sekunde ni GB 3.6 kwa saa, mzigo mdogo. Lakini laptopu na TV zote zikiwa kwenye Wi-Fi moja, kila kipande kinapita hewani mara mbili: seva hadi ruta, ruta hadi TV. Ukuta wa tofali za saruji ukiwa katikati, 2.4 GHz inalemewa. Iunganishe laptopu kwa waya kwenye ruta na nusu ya tatizo imeondoka. Ruta nayo iwekee betri ndogo ya volti 12, la sivyo umeme ukikatika seva itabaki hai haina wa kuongea naye, na watoto wenye simu hawaoni kitu.

Kwa TV ya zamani isiyo na programu ya Jellyfin, sakinisha kiongezi cha DLNA, njia ya TV kuziona video zilizo kwenye mtandao wa nyumbani. Tangu toleo la 10.9 hakimo tena ndani.

Majina ya faili yanahitaji nidhamu. Folda moja kwa filamu moja, jina na mwaka kwenye mabano. Tamthilia ziwe na S01E01. Filamu zetu za Bongo nyingi hazimo kwenye hifadhidata za nje, na Jellyfin itazibandikia picha ya filamu ya Kikorea yenye jina linalofanana. Ziwekee maktaba ya peke yake, zima upakuaji wa taarifa, na weka picha ya jalada iitwayo poster.jpg ndani ya folda. Ndivyo pia kwa harusi, send-off na maulidi: chagua aina ya video za nyumbani.

Na hizo DVD za harusi zihamishwe sasa. Diski za kuchomwa huchakaa hata zikiwa ndani ya kasha. Usizinakili kwa kuburuta faili. Mkwaruzo mmoja na kunakili kunasimama. Tumia ddrescue (kwenye Debian kifurushi ni gddrescue), raundi ya kwanza ya haraka, ya pili ya kung'ang'ania:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map
ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Usifute faili la .map katikati, ndilo linalokumbuka sehemu zilizokosekana. Kama raundi ya pili inagoma, futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, ijaribu kwenye kisomaji kingine, na ddrescue itaendelea ilipoishia. Kisha igeuze kwa programu ya HandBrake: x264, ubora RF 20, washa kichujio cha kuondoa mistari ya meno ya chanuo, na acha mistari 576 kama ilivyo. Kuipandisha hadi 1080 ni kuongeza uzito bila kuongeza hata sura moja. ISO ya asili (nakala kamili ya DVD) itunze kwenye diski ya pili, inayokaa nyumba nyingine.

Kutazama ukiwa safarini, usifungue mlango wa 8096 kwenye ruta. Kwanza ni hatari, pili kwenye intaneti ya simu huwa haifanyi kazi, kwa sababu kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Njia ya siri ya mtandao (VPN) kama WireGuard au Tailscale inapita hapo, ingawa WireGuard peke yake itahitaji seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma. Shusha ubora kwenye programu ya simu hadi megabiti 2 au 3, kwani kasi ya kupakia ya nyumbani ndiyo kikomo.

Kabla ya kupandisha toleo kubwa, simamisha Jellyfin na unakili /var/lib/jellyfin na /etc/jellyfin pembeni. Toleo la 10.11 la Oktoba 2025 lilibadilisha muundo wa hifadhidata, na uhamishaji kwenye maktaba kubwa huchukua muda mrefu skrini ikionekana kama imeganda. Usiizime, soma journalctl -u jellyfin -f uone kama mistari bado inasogea.