Mgeni ana cheti cha PCR, kwa nini apimwe tena eapoti?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mimi natembeza watalii Zanzibar. Mwaka 2021, kipindi cha korona, wageni walikuwa wanakuja na cheti cha PCR lakini wakishuka tu eapoti wanapimwa tena kwa kile kipimo cha haraka cha puani. Sasa kama PCR ndo bora, hicho kingine kilikuwa kinasaidia nini? Na ugonjwa mwingine ukija tufanyeje ili ndege zisisimame tena?

JIBU: Salama ndugu yangu, na pole, watu wa utalii mliumia sana kipindi kile.

PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, ni kali kweli, inanasa hata virusi vichache, ila cheti kinaongelea siku ile kijiti kilipoingia puani basi. Mtu kapima Jumatatu, virusi ndo kwanza vimeingia havijazaliana, kapewa hasi, kapanda teksi, kazunguka kuaga ndugu, Alhamisi yuko kwenye ndege anaambukiza na cheti chake bado halali cha saa 72. Kipimo cha haraka chenyewe kinatafuta antijeni, yaani protini ya kirusi, kinataka virusi viwe vingi ndo mstari utokee, kwa hiyo kuna watu kitawakosa, lakini virusi vikiwa vingi ndo wakati mtu anaambukiza zaidi, na majibu unayapata ndani ya nusu saa, mtu akiwa bado hajapanda.

Septemba 2020 ndege ilitoka Dubai kwenda Auckland, New Zealand, abiria 86. Wakiwa karantini saba wakakutwa na korona, na watano kati yao walikuwa wamepima kabla ya safari wakapewa hasi! Vinasaba vya virusi vilipolinganishwa ikaonekana angalau wanne waliambukizwa humo humo ndani ya ndege, na wote saba walikuwa wamekaa safu za karibu karibu.

Ndo maana Desemba 2020 shirika la ndege la Delta la Marekani walipoanza safari za Atlanta kwenda Rome bila karantini waliweka vyote viwili, PCR ndani ya saa 72, halafu antijeni kabla ya kupanda na tena ukifika. Hadi Mei 2021 abiria 9,853 wenye PCR hasi walipita hapo, wanne wakanaswa Atlanta na mmoja Rome. Utasema watano ni wachache, mi naona ni watano ambao cheti kilishawapitisha.

Sasa shida yake, na hii viwanja vingi waliichukulia poa. WHO walisema kipimo cha antijeni kinase angalau asilimia 80 ya wagonjwa na kisikosee zaidi ya asilimia 3 ya wazima. Chukua abiria 1,000, wagonjwa watano. Utanasa wanne, lakini wazima kama 30 nao wataonekana wanaumwa. Ukiwazuia wote hao umeharibu safari za watu 30 bure, so lazima pawe na mashine ya kipimo cha pili cha molekuli, yaani cha aina ya PCR lakini cha haraka, hapo hapo eapoti, majibu kabla ndege haijaondoka. Na upimaji mzito uwe kule wanakotoka, maana aliyenaswa akishatua kwenu ameshakaa masaa nane pembeni ya mtu.

Kuhusu ugonjwa mwingine, inategemea unaambukizaje. Ukiwa wa njia ya hewa na unaambukiza kabla ya dalili kama korona, utaratibu huu unafaa, omba tu kipimo chake kitengenezwe mapema. Ebola ni tofauti kabisa, mtu haambukizi kabla ya dalili, na hata kipimo kinaweza kutoona kitu mpaka siku ya tatu ya dalili, kwa hiyo kumpima abiria asiye na dalili hakukupi chochote. Hapo kinachosaidia ni kupima joto la wanaotoka kwenye nchi yenye mlipuko, kuwazuia waliogusana na mgonjwa wasisafiri mpaka siku 21 ziishe, na shirika la ndege kutunza vizuri namba za simu za abiria na viti walivyokaa.